Mhariri, hizi Suzuki ndogo nazo mtaziandika lini?

Mhariri,

Salamu kutoka Kisauni. Mie ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa magari ndio naanza nao kabla hata ya siasa, lakini leo acha niseme maana nshachoka, kila nikifungua ni Prado, wiki nyengine Land Cruiser, wiki nyengine Range Rover, halafu tunarudi tena kwa Prado. Sasa jamani huku mtaani nani ananunua hizo? Mtumeni mtu wenu asimame Kongowea sokoni alfajiri aangalie ni gari gani zinapakia vitunguu na nyanya na maembe, ataona vile vivan vya pua fupi cc 660, Every, Clipper, Scrum, Minicab, vimepangana hapo, na wenye navyo hawana pa kusoma lolote kuhusu gari linalowalisha. Wanachojua wameambiwa na dalali, na dalali yuataka kuuza, ataka nini kengine.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni ile barua ya msomaji mwenzetu kwamba Suzuki ni makopo, gari za kuendea dukani, mtu wa heshima zake hapandi. Sina ugomvi naye, ila nadhani huyu ndugu ameona Suzuki moja ndogo imeegeshwa mahali akafunga kesi hapo hapo. Suzuki ana gari chungu nzima, nyengine za cc 658, nyengine cc 1200, nyengine za kupanda milima, nyengine hazitengenezwi Japani kabisa ijapo makaratasi yake ni ya Japani, na nyengine zina nembo ya Toyota mbele na mwenyewe hana habari kwamba alicho nacho ni Suzuki. Ukishajua ipi ni ipi ndio utajua ya kukufaa na ya kukutia hasara, na hilo ndilo nataka mlifanyie kazi.

Tuanze na hizi ndogo kabisa. Japani kuna daraja la gari linaitwa kei, kule zatembea na namba ya njano, hapa zikifika inang'olewa ndio maana hatuijui. Mipaka yake imewekwa na sheria: urefu usizidi mita 3.40, upana mita 1.48, kwenda juu mita 2, injini isipite cc 660, na van za mizigo zibebe kilo 350 basi. Zamani injini zilikuwa cc 360, mwaka 1976 zikafika 550, mwaka 1990 ndio ikawa 660. Nguvu nazo hazipiti farasi 64, hata ikiwa na turbo, hapo watengenezaji wenyewe walikubaliana. Anayeinunua anapata nafuu ya kodi, kwa hivyo Mjapani mwenye pesa zake anaipanda na wala haoni haya.

Na huo upana wa 1.48 ndio raha yenyewe. Prado ile ya 150 ina mita 1.88 na ushee. Hizo sentimita 40 zichukue uende nazo Mji wa Kale, ingia zile njia za nyuma ya Ndia Kuu ama Kibokoni saa watu wanatoka msikitini, baraza zimetokeza, pikipiki ya mleta gesi imeegeshwa pembeni, na mzee fulani ametoa kiti chake nje anapunga upepo. Mwenye Every anapita na vioo vyote viwili viko wazi anasalimia watu. Mwenye Prado anateremka kwanza kwenda kumtafuta mwenye pikipiki.

Sasa nije kwa hio Suzuki Every maana ndio gari la kazi la mji huu. Carry ilianza 1961, pikap ya cc 360, na van yake ndio baadaye ikaja kuitwa Every. Zinazoshuka Kilindini siku hizi ni DA17V, hizi zilianza 2015, ile ya kabla yake DA64V utaiona mtaani lakini haiingii tena nchini kwa sababu sheria yetu haitaki gari lililopita miaka minane. Lakini hapa ndipo watu wanapopigwa changa la macho: Nissan NV100 Clipper, Mazda Scrum na Mitsubishi Minicab za petroli za miaka hii zote ni Suzuki. Anaziunda yeye, wenzake wanabandika nembo. Nissan walianza kuchukua kwake mwisho wa 2013, Mitsubishi 2014, Mazda wao ni wateja wa zamani. Kama huamini fungua logibuku uangalie namba ya chasisi inavyoanza, Every ni DA17V, Scrum DG17V, Clipper DR17V, Minicab DS17V. Herufi moja tu ndio yabadilika, mtu yule yule kabadilisha kanzu. Pikap zake vivyo hivyo, DA16T, DG16T, DR16T, DS16T.

Kwa hivyo mtu akikwambia Every spea zake tele lakini Clipper hio ni ya Nissan spea taabu, mwambie asante uondoke. Na ukiona mbili za mwaka mmoja, hali moja, gea moja, bei zimepishana sana na sababu ni nembo peke yake, we chukua ya rahisi. (Hijet ya Daihatsu, ile inayouzwa pia kwa jina la Toyota Pixis na Subaru Sambar, hio ni nyumba nyengine kabisa, msichanganye, spea haziingiliani.)

Injini ya Every iko chini ya viti vya mbele. Fundi hafungui boneti, anainua kiti, na ukikaa foleni ya daraja la Nyali saa nane mchana mwezi wa pili utajua iko wapi bila kuambiwa, mapaja yenyewe yatakueleza. Ndio nasema ukinunua kitu cha kwanza ni maji ya rejeta na feni, kabla ya redio, kabla ya stika, kabla ya zile taa za rangi mnazofunga chini. Vijana wanafanya kinyume.

Halafu gea. Hapa nakaa kidogo maana watu wengi wameungua. Hizi DA17V kuna za manyuali, kuna za oto, na kuna inayoitwa AGS. Hio AGS ukichungulia dirishani utasema ni oto maana haina pedali ya klachi, na wauzaji wengi wanaandika oto kwenye tangazo, lakini ndani yake ni gea boksi ya manyuali na klachi yake ya kawaida, ila kuna mtambo ndio unakanyaga klachi na kubadilisha gea badala ya mguu wako. Jinsi ya kuijua ni rahisi, angalia herufi za kwenye gea, AGS haina P. Iko R, N, D na M, hakuna P. Oto ya kweli ina P. Basi.

Si kwamba AGS ni mbovu, mafuta inakula kidogo na ukiizoea inakwenda vizuri, tatizo ni sisi tunaiendesha kama oto. Njoo Likoni wakati maji yamekupwa, hasa bamvua, feri imelala chini na ule mpando wa kutokea umesimama kweli kweli, gari ya mbele yako imekwama, na wewe badala ya kukanyaga breki unaishikilia gari kwa mafuta, inanguruma pale pale, haiendi mbele hairudi nyuma. Kwenye AGS hapo unachoma klachi. Unakaa wiki kadhaa gari inaanza kutetemeka ukiondoka, inachelewa kushika gea, unaanza kulaani Suzuki. Kanyaga breki, foleni ikiwa ndefu weka N, hilo tu. Wallahi sijawahi kusikia muuzaji hata mmoja akimwambia mteja maneno haya.

Na mzigo, kilo 350 ni kilo 350. Magunia manne ya mahindi ya kilo 90 tayari ushapita, na bado hujamuweka utingo. Mie nshaona Every pale njia ya Mtwapa imebeba mpaka pua inaangalia juu, tairi za nyuma zimelala, halafu mtu analalamika springi za Mjapani hazina nguvu.

Alto sasa. Hii ndio iliyomuinua sana Suzuki, ilitoka 1979 chini ya mzee Osamu Suzuki, yule aliyefariki Disemba 2024 akiwa na miaka 94, yeye alikuwa ndio kwanza ameshika urais wa kampuni mwaka mmoja nyuma. Wakaiuza yeni 470,000, bei ya kutupa, na ujanja waliotumia ni kuisajili kama gari la mizigo la biashara ili ikwepe kodi waliyokuwa wakitozwa wanunuzi wa gari za abiria. Watu hao walianza na mashine za kufumia nguo mwaka 1909, mjini Hamamatsu, mzee Michio Suzuki mwenyewe, gari lao la kwanza la kuuza, Suzulight, halikutoka mpaka 1955, kwa hivyo hesabu ya senti wanaijua kitambo.

Shemeji yangu aliuziwa Alto kwenye yadi moja hapa Mombasa, jina nalihifadhi, akaambiwa ni cc 1000 na akalipa bei ya cc 1000. Logibuku kutoka, rating, yaani ukubwa wa injini, imeandikwa 658. Kurudi kuuliza akajibiwa hizo ni karatasi tu mama, gari si unaliona linatembea. Karatasi tu! Wasomaji wenzangu shikeni hili: Alto hizi zinazotoka Japani, HA36S na ndugu zake, zote ni kei, cc 658 hivi. Alto ya cc 796 na ya cc 998 zipo, lakini hizo ni za India. Kwa hivyo mtu akikuuzia Alto iliyotoka Japani akakwambia ni 1000 hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Gari lenyewe shemeji analipenda na halimsumbui, anatoka Mikindani kwenda kazini mjini na kurudi, petroli ya kidogo anaona wiki yaenda. Lakini juzi ananiambia ataka kwenda nalo Nairobi na watoto watatu na mizigo, nikamwambia hapana dada yangu, panda treni. Cc 658 bila turbo, watu wazima wawili, watoto, AC imewashwa, kilomita karibu 480, na kutoka Mazeras wewe unapanda tu na matrela yako mbele na nyuma, kupita trela moja unahitaji barabara nzima na dua. Gari la kisiwani liwache kisiwani. Hapo huyo msomaji aliyesema makopo kama angesema hivi ningemuunga mkono.

Ukitaka ndogo ya kusafiria, kuna Swift. Cc 1242, silinda nne, ZC72S ile ya kabla na ZC83S iliyoanza 2017, ngumu, inashika barabara, ndani finyu kidogo nyuma. Solio ina injini hio hio ya 1200 na milango ya nyuma ya kusukuma, mama mwenye buibui na mtoto mkononi ndani ya parking ya Marikiti atanishukuru. Wagon R ipo tangu 1993, kei ya paa refu, nzuri kwa wazee kuingia bila kuinama. Hustler, Spacia, hizo ni kei vile vile, sura tu ndio tofauti, ukipenda sura chukua.

Waliwahi kujaribu kubwa pia, Kizashi, saluni ya cc 2400, ilitoka 2009 na haikununuliwa. Kule Japani polisi ndio waliozichukua kwa wingi za kutembelea bila alama, ikafika mahali madereva wakiona Kizashi kwenye kioo wanapunguza mwendo. Mie hio hadithi huwa inanifurahisha.

Jimny najua ndio vijana mnayoingojea. Ilianza 1970, LJ10, injini ya cc 359, na mchoro wenyewe Suzuki alinunua kwa kampuni ndogo iliyoitwa Hope ambayo ilishindwa kuiuza. Ili isipite ule urefu wa kei tairi ya spea wakaiweka ndani badala ya mlangoni, kwa hivyo gari zima likabaki na viti vitatu. Kisha ikaja SJ410 mwaka 1981, cc 970, ndio zile za turubai tulizokuwa tukiziita Sierra, na mpaka leo utaikuta moja Kwale ama Kinango imechakaa mwili mzima na inapanda tope jeusi ambalo gari za maana zimekwama. Hii mpya ni ya 2018, na bado ina fremu yake ya chuma chini, eksili ngumu mbele na nyuma, na gea ya pili ya kupandia. Ziko mbili na zinafanana sana, watu wanachanganya: JB64W ni kei ya cc 658 yenye turbo, JB74W ni cc 1460. Angalia juu ya matairi, ile ya 1460 ina zile plastiki nyeusi zilizotokeza, ya 658 haina. Msilipie ya 64 bei ya 74.

Ya milango mitano inatengenezwa India, ilionyeshwa mwanzo wa 2023, na ilipotangazwa Japani Januari 2025 kwa jina la Nomade oda zikafika kama elfu 50 kwa siku chache tu mpaka Suzuki akafunga kitabu. Ila niseme ukweli wangu, kwa mtu wa Nyali na Bamburi ambaye mbali anakofika ni Diani kupiga picha, Jimny ni pesa nyingi kwa gari inayorusha kwenye kila tuta na buti yake, viti vya nyuma vikiwa vimesimama, huingizi hata shopping ya wiki. Kama una shamba Shimba Hills chukua, hutajuta. Kama huna, Swift.

Nimetaja India na najua kuna watu washakunja uso. Mambo yenyewe ni hivi: Suzuki yuko India tangu 1983 na ile Maruti 800, na kule ndio mwenye soko. Baleno iliyouzwa Japani kuanzia 2016 ilitoka India kwa meli, Fronx ya 2024 vivyo hivyo, na Escudo ya 2015 kuendelea ilitoka Hungaria. Kwa hivyo wewe uliyejinunulia Baleno ukasifia mtaa mzima kwamba hii ni ya Japani yenyewe sio ya Kihindi, pole, soma kile kibati cha kiwandani. Na wala si vibaya. Tena kuna zaidi: Toyota Starlet inayouzwa mpya Afrika tangu 2020 ni Baleno iliyobadilishwa nembo, na ile Vitz mpya waliyoileta Afrika Kusini 2023 ni Celerio ya Suzuki, zote za India. Toyota na Suzuki wana ushirika, Toyota akanunua hisa karibu asilimia 5 kwa mwenzake mwaka 2019. Sasa yule bwana wa makopo kesho atapita na Starlet mpya ya Toyota kifua mbele, nani atamwambia?

La mwisho ni kutu, na hili ni letu sisi watu wa pwani zaidi ya wa Nairobi. Gari kei nyingi zinatoka sehemu za theluji Japani ambako barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi, inafika hapa chini ishaanza kuliwa, halafu sisi tunaiongezea upepo wa bahari. Juu inang'aa, chini ni biskuti. Omba ile karatasi ya oksheni, yaani ya mnada wa Japani, ile yenye mchoro wa gari, utaona herufi zimeandikwa kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni bonde, hizo zisikutishe. Ukiona S hio ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Kama muuzaji anasema karatasi imepotea, lala chini na tochi mwenyewe, gonga kwenye viungo vya springi na pembeni mwa milango kwa chini, usione haya na shati lako.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Chapisheni namba za chasisi za hizi gari kwa ukurasa mmoja mzima watu wakate wabandike, na siku mkiandika kuhusu Every mpelekeeni fundi wa hapa Mombasa aseme, sio mtu wa Nairobi asiyejua upepo wa chumvi. Na kama kuna msomaji aliyebadilisha klachi ya AGS karibuni aandike alilipa ngapi na iliwachukua siku ngapi, maana hapa mjini kila duka ninaloingia natajiwa bei yake.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa